Pampu Iliyohesabiwa

Wapendwa, leo nawapumzisha wakulima. Kila Jumapili tunapanda nao, tunapalilia nao, tunavuna nao, na sasa wakulima wetu wa kanisa hili wameanza kunitazama kwa jicho la kuuliza: mchungaji, hivi watu wa ofisini hawana makosa? Wanayo. Kwa hiyo leo kisa chetu kina mafaili, mihuri na kiyoyozi.

Kulikuwa na mkuu wa idara mmoja. Idara ya maji, katika wilaya ambayo siitaji, na yeye mwenyewe simtaji, na humu ndani hayumo, basi msianze kugeuza shingo. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua. Mkisikia habari za hesabu za serikali mnakimbilia kumtafuta mwizi. Huyu hakuwa mwizi. Alifika kazini kabla ya wahudumu, alijua majina ya watoto wa madereva wake, na tangu akabidhiwe kiti kile hesabu za idara yake zilikuwa zinapata hati safi mwaka hadi mwaka.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni, niwaeleze kidogo. Mwaka wa serikali unafungwa mwisho wa Juni. Kila idara inaandika taarifa yake: tulipewa hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki. Kisha anakuja mkaguzi kutoka nje, anaangalia kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Na haangalii fedha peke yake. Anaangalia na utaratibu wa ndani: nani anashika ufunguo, nani anaidhinisha, na nani anamwangalia anayeidhinisha. Akiridhika anatoa hati safi. Asiporidhika anatoa hati yenye shaka, na hiyo inasomwa mbele ya wakuu wote wa mkoa huku mwenye idara anaangalia viatu vyake.

Mkuu wetu hati zake alizitia kwenye fremu, akazipanga ukutani nyuma ya kiti. Ukienda kwake kulalamika kwamba mtaani kwenu bomba limekauka, ulikuwa unalalamika ukizitazama zile fremu, na wengi walijikuta wanapunguza sauti. Mwaka huo kulikuwa pia na tetesi kwamba nafasi ya mkuu wa maji wa mkoa itakuwa wazi, na jina lake lilikuwa linatajwatajwa.

Sasa nifuateni. Wilaya ile ilikuwa na kisima kimoja kirefu kinacholisha mji mzima pamoja na hospitali. Ndani ya kisima kuna pampu inayofanya kazi, na utaratibu unataka pampu nyingine nzima ikae stoo, isiguswe na mtu, ikingoja siku ile ya kisimani itakapokufa. Hiyo ndiyo pampu ya akiba. Na stoo yenyewe ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mtunza stoo, wa pili anao mhasibu, ili asiwepo mtu anayeweza kufungua peke yake. Utaratibu mzuri, siyo? Lakini mhasibu alikuwa mtu wa safari, leo benki, kesho semina, na kila akisafiri stoo inakwama. Mwisho akaona ya nini taabu yote hii, akautundika ufunguo wake kwenye msumari nyuma ya meza ya mtunza stoo. Kufuli zikabaki mbili, mfunguaji akabaki mmoja, na hakuna aliyeona tatizo kwa sababu mtunza stoo alikuwa mwaminifu.

Kweli alikuwa mwaminifu. Tatizo likaja kwa njia ya shemeji.

Huyu shemeji, kaka wa mke wa mkuu, alikuwa amechimba kisima shambani kwake na kupanda vitunguu, na jua lilikuwa linamaliza vitunguu vyote. Jumamosi moja akapiga simu. "Shemeji, niazime ile pampu iliyolala stoo. Wiki mbili tu, vitunguu vishike. Si imekaa bure?" Mkuu akakataa, tena kwa maneno mazuri kabisa, akaeleza na taratibu. Jioni mkewe akamwuliza kama siku hizi kaka yake amekuwa mtu baki. Kesho yake mkuu akampigia mtunza stoo. Mtunza stoo funguo zote mbili anazo, na mkuu ni mkuu. Pampu ikapakiwa kwenye pikapu bila karatasi hata moja.

Shemeji akaiunganisha na jenereta la kukodi ambalo umeme wake ulikuwa unarukaruka. Mota ikaungua kabla vitunguu havijajua kama vimenyeshewa. Aliomba radhi sana, na pesa ya kulipa hakuwa nayo. Alileta gunia la vitunguu.

Juni ikaisha, barua ikaja: wakaguzi wanafika. Hapo mkuu alikuwa na njia mbili, na moja mnaijua, haina haja ya kuisema. Ile nyingine ndiyo waliyokuwa wameizoea katika mkoa ule. Ukaguzi haukuwa unafika wilaya zote kwa wakati mmoja. Unaanza huku, unahamia kule. Kwa hiyo wakuu walikuwa wanaazimana. Ukipungukiwa matairi, unaazima kwa jirani, yanahesabiwa kwako, wiki inayofuata yanarudi na yanahesabiwa kwake. Kulikuwa na mashine moja ya kudurufu ambayo ilikaguliwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha serikali, na ilikuwa haifanyi kazi. Walikuwa hawauiti mtindo huo udanganyifu. Walikuwa wanasema ni kusaidiana.

Mkuu akampigia mwenzake wa wilaya ya jirani, waliyesoma naye. Pampu ikaja imefunikwa turubai. Mtunza stoo akafuta kwa petroli namba za jirani zilizoandikwa ubavuni, akaandika namba zao kwa rangi nyeupe, akaianika juani. Rangi ilipokauka akaona inang'aa mno, inaweza kumshtaki. Akachota vumbi nje, akaisugua. Fikirini mtu wa stoo, mwajiriwa wa kusafisha na kutunza, anapaka vumbi mali ya serikali ili ionekane imetunzwa siku nyingi. Mhasibu naye akauchukua ufunguo wake pale kwenye msumari, akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni wiki nzima. Hata bafuni aliingia nao.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, asiyependa chai ya maziwa wala mazungumzo marefu. Kwenye kikao cha kwanza akawaambia, "Mimi sikuja kutafuta mtu wa kumfunga. Kama kuna kilichopotea au kilichoharibika, nitajieni sasa hivi. Kitaandikwa kama upungufu, mtahojiwa, pengine mtalaumiwa. Lakini bohari kuu inagawa vifaa kwa kufuata upungufu ulioandikwa. Usioandikwa hawaujui."

Mkuu alisikia neno kulaumiwa. Maneno ya bohari kuu yalimpita. Akasema, "Kwetu hapa, mama, tuko vizuri."

Siku ya stoo, mtunza stoo alifungua kufuli yake, mhasibu akavua kamba shingoni akafungua ya kwake, wote wawili wamesimama kama maharusi. Mkaguzi akaingia na orodha. Akafika kwenye pampu, akainama, akasoma namba, akalinganisha. Zilikuwa sawa.

"Hii nzima?" akauliza.

"Nzima kabisa," mkuu akajibu, na kwa kweli hapo hakudanganya.

"Na ni ya hapa?"

Hilo swali aliliuliza kwa kila kitu mle ndani, toka koleo hadi ndoo. Ndiyo kazi yake. Lakini mkuu alihisi shati limemganda mgongoni. "Ya hapa, mama. Ingekuwa ya wapi?"

Mkaguzi akaweka alama ya vema. Siku ya mwisho akamletea barua ile ambayo kila mkuu lazima aisaini, inayosema: nimeonyesha kila kitu, sikuficha kitu. Akamwambia, "Isome kwanza, baba. Ukishasaini, mimi nitasimama juu ya maneno yako." Mkuu akajifanya anasoma. Macho yalikuwa yanapita juu ya mistari, akili iko mkoani. Akasaini. Jioni ile ile pampu ikafunikwa turubai, ikarudi kwao.

Hati safi ikatoka. Idara ikachinja mbuzi wawili. Fundi akaitwa, fremu nyingine ikapanda ukutani.

Kwenye mkutano wa mkoa hati zilisomwa moja moja. Alikuwepo mkuu mmoja wa wilaya ya mbali, mwembamba, koti linampwaya. Yeye alikuwa amemwambia mkaguzi wake kwamba pampu mbili hana. Moja iliibiwa, ya pili iliungua kwa uzembe wake mwenyewe. Akasimamishwa mbele ya watu, akasemwa mpaka ukumbi ukaona haya. Akakatwa mshahara. Mkuu wetu alimwonea huruma, ile huruma yetu ya kumhurumia mtu huku unashukuru si wewe. Akamnong'oneza jirani yake, "Sasa na yeye, si angeazima tu?"

Mnacheka. Chekeni, bado tuko kwenye kisa cha mtu mwingine.

Oktoba ikaingia na ukame wake. Asubuhi moja mji ukaamka mabomba yanatoa hewa. Pampu ya kisimani, ambayo ilikuwa imechoka siku nyingi, ilikuwa imekufa. Mafundi wakaja mbio kwa mkuu, wakiwa na furaha kidogo hata, kwa sababu kazi kama ile waliijua: unapandisha iliyokufa, unashusha ya akiba, jioni watu wanakoga. "Mzee, tufungulie stoo." Mkuu akawaambia wasubiri. Mtunza stoo akaangalia dirishani.

Akampigia rafiki yake wa jirani. Rafiki akasema, "Ndugu yangu, ile pampu sasa iko kisimani inafanya kazi. Na kwetu ni kiangazi vilevile. Unataka niwanyang'anye watu wangu maji?" Mkuu akakata simu. Akaandika barua bohari kuu, barua ya dharura, yenye maneno mazito kuhusu afya ya wananchi. Jibu lilikuja haraka, na lilikuwa fupi. Lilisema: rejea ripoti ya ukaguzi wa mwaka huu. Idara yako inayo pampu moja ya akiba, nzima. Ishushwe.

Alilisoma jibu hilo akiwa na mtunza stoo na mhasibu mbele yake. Akalisoma tena kwa sauti. Ishushwe. Wote watatu wakatazamana, na hakuna aliyejua aanze kumlaumu nani.

Katikati ya hayo binti yake wa kwanza akashikwa na uchungu. Alijifungua salama, tumshukuru Mungu, mtoto wa kiume. Mkuu akafika hospitali na thermosi ya uji. Mlangoni mwa wodi nesi akamzuia bila kumwangalia usoni. "Ndugu wa mzazi waje na madumu mawili ya maji kwanza. Humu hatuna hata ya kunawa mikono." Kisha akainua macho, akamtambua. "Oh, kumbe ni mzee wetu wa maji. Basi wewe tuletee manne."

Akayatafuta. Aliyanunua kwa mwenye mkokoteni, bei ambayo hata yeye ilimshtua, akayabeba mwenyewe kupita kwenye korido, watu wanampisha. Ndani alimkuta binti yake amelalia shuka ambalo lilihitaji kufuliwa tangu jana, na mjukuu amefutwafutwa kwa kitambaa kikavu, damu imemkaukia nyuma ya masikio. Binti alikuwa amekua katika nyumba ya mtu wa maji. Akamwuliza kwa sauti ya uchovu, "Baba, si huwa kuna pampu ya akiba?"

"Inashughulikiwa, mwanangu," akasema. Akamimina maji kwenye beseni, akamwosha mjukuu wake kwa mikono yake. Aliona aibu, ndugu zangu. Aibu ya kweli, siyo ile ya mkutanoni. Aliona aibu mbele ya kitoto ambacho hakijafungua macho sawasawa.

Kesho yake akaamua kwenda bohari kuu mwenyewe, uso kwa uso. Safari ndefu, vumbi mwanzo mwisho. Alipoingia uani pale alikuta lori linapakiwa, na kwenye lori kuna pampu mbili mpya, bado zina nailoni. Aliyesimama anasimamia upakiaji ni yule mkuu mwembamba wa koti linalompwaya.

"Umezipataje?" mkuu wetu akamwuliza. Hakumsalimia hata.

"Nilisema sina," yule akajibu.

"Basi?"

"Basi. Walinisema, wakanikata mshahara, kisha wakaniandika kwenye mgao." Akamgeukia kibarua wa kupakia, akamwonya asiburuze. Hakumcheka mwenzake. Pengine hakujua kwamba kuna cha kucheka.

Mkuu akaingia kwa msimamizi wa bohari, mzee mmoja anayekula karanga huku anaandika. Akaeleza yote, yaani karibu yote: mji hauna maji, hospitali haina maji, ana mjukuu wa siku mbili. Msimamizi alimsikiliza kwa heshima. Akamchukua hadi ghalani, akamwonyesha. Pampu zilikuwepo. Zimepangwa kwenye mbao, nyingi kuliko alivyotegemea, moja ya ukubwa ule ule wa kisima chake, ukiweka mkono unaigusa. Aliigusa.

"Hizi ni za wenye pengo," msimamizi akasema. "Wewe huna pengo."

"Ninalo!"

"Limeandikwa wapi?"

Mkuu akaondoa mkono kwenye pampu. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akarudi mezani akavuta droo, akatoa karatasi moja. "Hii ni taarifa ya hasara. Ijaze hapa hapa. Ukimaliza kuisaini, namwita dereva, pampu unaondoka nayo leo hii. Kabla ya kesho jioni watu wako wanakoga. Sina masharti mengine."

Mkuu akaketi. Akaandika jina la idara. Akaandika aina ya kifaa. Akafika kwenye mstari unaouliza: kiliharibika tarehe gani? Hapo kalamu ikasimama.

Akauliza, "Nikiandika kiliungua wiki hii?"

"Cha stoo kitaunguaje, mzee, kimelala?"

"Na nikiandika tarehe yenyewe?"

Msimamizi akatafuna karanga, akafikiri. "Kama tarehe yenyewe ni ya kabla ya ukaguzi, basi ile barua uliyosaini itakuwa si ya kweli. Hati itafutwa. Watakuita." Halafu akaongeza kwa upole, "Lakini maji yatatoka."

Mkuu alifikiria ile nafasi ya mkoa. Alikuwa ameambiwa na mtu wa uhakika kwamba barua ya uteuzi iko mezani kwa mkubwa, inangoja saini, ni suala la wiki moja, mbili zikizidi. Akafikiria fremu. Akafikiria shemeji, na mkewe, na mtunza stoo na familia yake. Mjukuu pia alimfikiria, nataka mjue hilo, msimfanye mnyama. Mambo yote hayo yalikuwa kichwani pamoja, na pampu ilikuwa ghalani pale, hatua chache tu.

Kisha akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akasema, "Nitakuletea Jumatatu."

Akapanda gari akarudi. Aliingia mjini jioni, akapita kando ya foleni ya madumu iliyoanzia kwenye mashimo ya maji ya mto uliokauka hadi barabarani, na vioo vya gari alikuwa amevipandisha.

Sasa, wapendwa, naona mama mmoja hapo mbele anataka kuniuliza, je, Jumatatu alikwenda? Sijui. Kisa changu kinaishia hapo. Ningependa kuwaambia alikwenda, mngeondoka hapa mmefurahi, mkale wali wenu kwa amani. Lakini mimi leo sikuja kwa ajili ya Jumatatu ya mtu yule.

Nataka niulize, sisi tunahesabiwaje? Mbona tunasali sana na tunapokea kidogo? Tunapiga magoti, tunasema, Bwana, nipe amani nyumbani kwangu. Halafu tukiinuka tunaonyesha nyumba iliyojaa amani. Tunasema, Bwana, niponye, na wakati huo huo tumepaka vumbi kidonda kionekane ni ngozi ya siku zote. Mungu afanye nini na mtu asiyepungukiwa na kitu? Anazo. Zimepangwa pale, za ukubwa ule ule wa kisima chako. Hakunyimi. Umemwandikia mwenyewe kwamba unayo, tena umesaini.

Na wala si kwa Mungu tu. Tuangalie pale mlangoni tulipoingia asubuhi hii. Nilisimama pale, nikawapa mikono wote. Nikauliza, habari za nyumbani? Nzuri. Habari za watoto? Nzuri. Za kazi? Nzuri, mchungaji, tunamshukuru Mungu. Watu wote hawa, na hakuna hata nyumba moja yenye habari mbaya? Nimetoa hati safi kanisa zima kabla ya wimbo wa kwanza!

Lakini nawajua. Yupo hapa baba ambaye hajalala chumba kimoja na mkewe tangu Pasaka, na wote wawili wamekaa benchi moja wamevaa kitenge cha sare. Yupo kijana aliyefukuzwa chuo na kila mwezi anapokea ada. Yupo mzee wa kanisa anayekunywa, na anayetumwa kumnunulia ni mtoto wake. Wote wamejibu nzuri. Na wiki hii nilikuwa na kikapu cha msaada cha wamama, nilikuwa na nafasi ya mtu wa kuongea naye, nilikuwa na fundi aliyetafuta kijana wa kumfundisha kazi. Nikaangalia kwenye kanisa langu, nikaona hakuna aliyesema ana shida. Kikapu nikakipeleka kwa wale wa ng'ambo ya reli, ambao walikuja kwangu wakasema hawana.

Ndugu zangu, mnisikilize vizuri. Yule mkuu hakuadhibiwa na mkaguzi. Mkaguzi alimpa kila alichoomba. Aliomba aonekane kamili, akaonekana kamili, na kukaa na ukamilifu ule ndiko kulikokuwa adhabu yenyewe. Tukiogopa kuhojiwa kwa siku moja tunakubali kukaa na kiu mwaka mzima, na watoto wetu wanakaa na kiu pamoja na sisi, na wao hawakusaini chochote. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa anakosa maji peke yake ningemwacha na fremu zake.

Kwa hiyo leo sitawaambia mgeuke mumwambie jirani neno. Jirani yako umeshamwambia nzuri. Kwaya wataimba, tutatoa sadaka, tutafunga ibada, na mtu anayetaka kwenda nyumbani aende. Mimi sitasimama mlangoni. Nitakuwa nimekaa kule nyuma, kwenye kiti kile kilicho karibu na kabati la vitabu, na nitakaa mpaka jua lizame. Ukija, njoo tu, hata kama umevaa vizuri, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama ni mke wangu. Sitakuuliza habari. Kaa chini, na useme huna nini.